Saladi ipi kwa meza yako Dodoma? Kachumbari, kabichi, ya Kigiriki, Caesar na Waldorf kwenye mizani moja

Nenda Soko la Majengo umwambie mama wa mboga "nipe saladi", atakupa majani: fungu la kijani lililojikunja pembeni, limenyunyiziwa maji na kufunikwa kitambaa kibichi lisinyauke. Kwa Kiswahili cha sokoni saladi ni mmea. Nyumbani saladi ni bakuli. Kwenye kikao cha harusi saladi ni mstari mmoja katika orodha ya vyakula, kati ya ndizi na tikitimaji, na kila mjumbe anadhani anajua kinachokwenda pale mpaka siku mtakapoulizana.

Mstari huo amekabidhiwa wifi yangu. Kuna send-off huko Ipagala, watu mia moja na hamsini, mwezi huu wa Oktoba. Akanipigia simu jioni: "Wifi, kamati wanasema wanataka saladi ya ukweli, siyo kachumbari. Sasa saladi ya ukweli ndiyo ipi?"

Nilicheka, halafu nikagundua sina jibu la haraka. Ukifuatilia mapishi ya saladi zenye majina makubwa duniani unakuta hakuna hata moja ambayo watu wote wanaikubali. Wenyewe kwa wenyewe wanagombana: yai liwemo lisiwemo, majani yakatwe yasikatwe. Hata hivyo kila moja ina kitu kimoja au viwili ambavyo wagomvi wote hawavigusi. Mimi naviita mhimili. Ukishaujua mhimili, mengine unaweza kuyapanga kulingana na soko lako na jua lako.

Nimezipimaje

Mambo matano, kwa kila saladi. Mhimili, yaani kitu ambacho ukikitoa, jina nalo linatoka. Halafu yanayobadilika bila mtu kukulaumu. Halafu sokoni: je, vitu vinapatikana Majengo, Sabasaba au Soko la Job Ndugai, au mpaka uingie supamaketi? Halafu mezani, inavumilia muda gani. Hili la mezani waandishi wengi wa mapishi hulipita juu juu kwa kuwa wanapikia nchi zenye baridi. Jua la saa saba mchana la Dodoma mwezi wa kumi linakufuata hadi chini ya turubai. Mwisho, inamfaa nani.

Bei sikuipa nafasi yake kwa sababu inafuata soko. Kinachouzwa kwa fungu au kwa sado ni nafuu, kinachouzwa kwenye kichupa chenye lebo ya nje ni ghali. Basi.

Kachumbari

*Mhimili.* Nyanya, kitunguu, chumvi na kitu kichachu. Jina tumelipata kwa watu wa Bara Hindi, ambao nao wana kachumber yao ya kitunguu, nyanya na tango. Kwa hiyo anayesema kachumbari siyo saladi ya ukweli aniambie ukweli unaanzia nchi gani.

*Inavyobadilika.* Kila nyumba ina sheria. Wanaoila na biriani huongeza tango, wengine embe bichi au karoti iliyoparuzwa. Huku bara kabichi huingizwa ili kuongeza wingi, na hapo mimi huanza kununa: kabichi ikizidi nyanya, umeshahamia saladi inayofuata. Parachichi ni ugomvi wa peke yake. Mume wangu anasema yenye parachichi siyo kachumbari, na bakuli analifuta.

Ugomvi wa maana zaidi ni kitunguu: kioshwe au kisioshwe? Mimi naosha. Kitunguu chekundu cha Singida kinakutoa machozi ukiwa bado unakimenya, na kikiingia kibichi hivyo hivyo hutasikia ladha nyingine. Kikate vipete vyembamba, nyunyiza chumvi, fikicha kwa mkono mpaka kilegee na kutoa povu, suuza mara mbili, kamua. Kinabaki na utamu na rangi, ukali unakwenda na maji.

Uchachu nao una njia zake. Ndimu na limao ndiyo mazoea, siki kwa asiye na ndimu. Sisi wa kanda ya kati tuna ukwaju, na tuna ubuyu. Loweka unga wa ubuyu kwenye maji kidogo, koroga, chuja, tumia kama ndimu. Uchachu wake ni mpole na hauna harufu kali. Mibuyu imetuzunguka kila upande wa mji na bado ubuyu tunauishia kwenye zile punje nyekundu za watoto.

*Sokoni.* Hakuna saladi rahisi kuliko hii. Chagua nyanya ngumu, zile ndefu zenye umbo la yai, maana za duara zilizoiva sana zina maji mengi. Kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua, nyanya huoza haraka na bei hupanda.

*Mezani.* Hapa inaaibisha. Kuna mwaka nilikata kachumbari ya watu themanini saa kumi na moja alfajiri, nikatia chumvi na ndimu, nikafunika, nikaenda kusukwa nikiwa na amani kabisa. Saa nane mchana nikafunua: ndoo nusu nzima mchuzi mwekundu, vitunguu vinaelea. Mama mmoja akachota kwa upawa, akauliza kama hiyo ni supu ya nyanya. Chumvi huvuta maji yote kutoka kwenye nyanya, na saa tisa za kuvuta ni nyingi. Tangu siku hiyo nakata mapema lakini kila kitu kwenye chombo chake, nachanganya robo saa kabla ya kupakua.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyama choma, pilau, ugali na samaki, chochote chenye mafuta au moshi. Haimfai anayetaka kumaliza kazi asubuhi akaenda kukaa na wageni.

Saladi ya kabichi

*Mhimili.* Kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, na uchachu. Wazungu wanaiita koleslo, neno lililotoka kwa Waholanzi, koolsla, yaani saladi ya kabichi tu. Sikiliza vizuri: mayonaizi haimo kwenye jina. Mayonaizi ni upande mmoja wa familia, na siki ni upande wa pili. Kwa wauza chips kuku utakutana na pande zote mbili, na mara nyingine na kabichi kavu isiyo na kitu, ambayo nayo wanaiita saladi. Tuwasamehe.

*Inavyobadilika.* Karoti karibu kila mtu anaitia. Hoho, kitunguu, zabibu kavu, nanasi, karanga za kukaanga: hiari yako. Sukari kidogo wengi wanaitia bila kusema. Kinachotofautisha nzuri na mbaya ni mkono, maana kabichi ya vipande vinene vya kidole unaitafuna mpaka hotuba ya baba inaisha. Ukishaikata, itie chumvi kama kijiko kimoja cha chakula kwa kabichi ya wastani, iache nusu saa, ikamue kwa nguvu. Onja kabla hujaongeza chochote. Ikiwa na chumvi sana, suuza na ukamue tena. Baada ya hapo haitatoa maji bakulini.

*Sokoni.* Mwaka mzima, na kabichi moja inalisha watu kama kumi na wawili pembeni ya vyakula vingine.

*Mezani.* Ya siki ndiyo shujaa wa jua. Ukiitengeneza jioni, kesho yake ina ladha zaidi. Ya mayonaizi ni habari nyingine. Kanuni inayofundishwa kwenye usalama wa chakula ni kwamba vyakula vya aina hiyo visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja. Shughuli zetu zinajulikana: kadi inasema saa sita, MC anafika saa nane, chakula kinafunguliwa saa kumi.

*Inamfaa nani.* Mwenye watu wengi na bajeti fupi.

Saladi ya Kigiriki

*Mhimili.* Jibini ya feta na zeituni. Kule kwao, ile ya kijijini wanayoiita horiatiki ina nyanya, tango, kitunguu, hoho ya kijani, zeituni, mafuta ya zeituni na oregano iliyokaushwa, na feta huwekwa juu kama kipande kizima, kila mtu anajimegea. Majani hayamo. Yale majani unayoyakuta chini ya "saladi ya Kigiriki" hotelini yameongezwa safarini.

Hebu rudia orodha hiyo. Nyanya, tango, kitunguu. Toa jibini na zeituni, weka ndimu, na umerudi kwenye kachumbari ya biriani. Ndiyo maana hapa mhimili unabeba uzito kuliko kwenye saladi nyingine zote: ukibania hivyo viwili, umewapa wageni kachumbari iliyokatwa vipande vikubwa na bei ya hoteli.

*Inavyobadilika.* Kidogo. Wengine hutia siki, wengine wanaapa kwamba maji ya nyanya yanatosha. Kuna wanaotia kepa, vile vitumba vya maua vya chupa vyenye chumvi, na wanaoacha hoho.

*Sokoni.* Mboga zote Majengo, mhimili wote supamaketi. Feta yenyewe ni ya maziwa ya kondoo, au ya kondoo iliyochanganywa na ya mbuzi isiyozidi asilimia 30, na tangu 2002 jina hilo linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya kuwa la Ugiriki pekee. Ndiyo maana vikopo vingine vimeandikwa tu "jibini nyeupe". Ni ya maziwa ya ng'ombe, siyo haramu, ila ina ukali mdogo, kwa hiyo ongeza tone la limao. Kuhusu mafuta, kanda yetu ni ya alizeti, na kuna mafuta ya mashine ndogo yenye harufu ya mbegu. Nimeyajaribu. Yanatawala bakuli zima. Kama zeituni imekushinda, tumia alizeti iliyosafishwa kisha iache oregano iongee.

*Mezani.* Saa moja, siyo zaidi, maana nyanya ni ile ile na chumvi ya jibini ni ile ile.

*Inamfaa nani.* Chakula cha jioni cha watu sita, na mgeni asiyekula nyama: mkate, bakuli hili, ameshiba.

Caesar

*Mhimili.* Majani marefu magumu ya romaine, vipande vya mkate uliokaangwa, jibini ya Parmesan, na mchuzi mzito wa yai, mafuta, kitunguu saumu na limao.

Watu wengi hudhani ni ya yule Kaisari wa Roma. Hapana, ni ya Caesar Cardini, Mwitaliano mwenye mgahawa Tijuana, Meksiko, mpakani na Marekani. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu 1920, wenye kiu wakawa wanavuka mpaka. Familia yake husimulia kwamba sikukuu ya tarehe 4 Julai 1924 wateja walijaa mpaka jikoni kukaisha vitu, naye akakusanya kilichobaki na kukichanganyia mbele ya meza yao. Nduguye Alex naye alikuwa na madai yake juu ya saladi hiyo, kwa hiyo hata huko kwenye chanzo hawakukubaliana.

*Inavyobadilika.* Sana, na hapa ndipo penye utamu wa habari. Kwa Cardini majani hayakukatwa. Uliyashika kwa vidole ukala kama muwa. Samaki wadogo wa chumvi ambao leo wengi wanawaona lazima, inasemekana hawakuwemo: ladha ya samaki ilitoka kwenye sosi ya Worcestershire, ambayo imetengenezwa na samaki hao. Kuku wa kuchoma kaja baadaye. Kwa hiyo yule anayekutania kwamba Caesar isiyo na kuku siyo Caesar, mwambie akae.

Na huyo samaki wetu tunaye. Dagaa mchele wa Zanzibar ni ukoo mmoja naye. Wakaange bila mafuta, wasage unga, kijiko cha chai kwenye mchuzi wa watu sita. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza mwanangu wa kiume aliuliza mara mbili nimetia nini, na sikumwambia mpaka sahani ilipokuwa tupu.

Yai ndilo la kuangalia. Mapishi ya zamani hulichovya kwenye maji ya moto dakika moja, na muda huo hauui vimelea. Kama mezani kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee, anza na mayonaizi ya dukani badala ya yai, ongeza kitunguu saumu, limao na jibini. Tofauti ipo, lakini ndogo.

*Sokoni.* Romaine ni ya kubahatisha. Majani ya saladi ya sokoni yanafaa kwa sharti moja: ununue asubuhi. Yaoshe kwa maji safi yanayotiririka, jani moja moja, kwa kuwa hujui yalimwagiliwa maji gani, kisha yakung'ute ndani ya kitambaa safi mpaka yakauke. Jani lenye maji halishiki mchuzi. Chainizi changa nilijaribu, ikauma ulimi kama haradali. Parmesan ni ya supamaketi na inauma mfuko, ila kipande kidogo kinakwenda mbali. Mkate ni ule wa jana uliokauka. Kata vipande, kaanga na kitunguu saumu mpaka ukiubonyeza ulie.

*Mezani.* Dakika kumi. Sitanii. Mkate unalowa, majani yanalala.

*Inamfaa nani.* Wachache waliokwisha kaa mezani. Ndiyo yenye sifa kuliko zote tano na ndiyo isiyostahimili kabisa foleni ya sahani.

Waldorf

*Mhimili.* Tufaha, bua la selari, mayonaizi. Ilianzia hoteli ya Waldorf, New York, na Oscar Tschirky aliyekuwa akisimamia ukumbi wa chakula aliiandika mwaka 1896 ikiwa na hivyo vitatu tu. Njugu zile za wazungu, wolnati, zikaja baadaye, na zabibu pia.

*Inavyobadilika.* Mayonaizi wengi leo huipunguza kwa mtindi, nami naafiki. Badala ya wolnati tia korosho. Manyoni, hapo jirani, wanalima. Zabibu ndiyo sababu nimeileta saladi hii humu. Ni zao la Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, linavunwa mara mbili kwa mwaka, na sisi tunalila mkononi barabarani au tunaliacha liende kiwandani kuwa mvinyo. Lipasue katikati, toa mbegu, weka humu.

*Sokoni.* Tufaha ni la kuagizwa nje lakini liko kila kona. Selari ndiyo taabu. Tango lililotolewa moyo linakupa ule mlio wa kutafuna, ila harufu ya selari huipati.

*Mezani.* Tufaha hugeuka kahawia, kwa hiyo lipite kwenye limao mara tu likikatwa. Mayonaizi ina masharti yale yale ya kabichi.

*Inamfaa nani.* Meza kuu, na watoto.

Kwa hali yako

Ukiwa na choma jioni uani na watu wanane, kachumbari, na ndimu uikamulie pale pale. Ukiwa na kikao cha ofisini na chakula kinatoka kwako saa nne kuliwa saa saba, kabichi ya siki haitakuangusha. Mgeni kutoka mbali umempikia usiku, friji ipo na fedha ipo kidogo: ya Kigiriki ukitaka kulala mapema, Caesar ukitaka kuonyesha mkono wako. Wakati wa mvua, nyanya zikiwa hazishikiki, kachumbari na ya Kigiriki zipumzike. Asiyetumia maziwa hana lake kwenye Kigiriki wala Caesar. Anayeogopa yai na aende kwenye siki.

Na kama ni shughuli yenye turubai, usichague moja. Wifi nimemwandikia hivi: kabichi kumi na tatu, karoti sado moja, siki, ya kutengenezwa Ijumaa jioni, hiyo ni ya watu wote. Nyanya ndefu sado nne, vitunguu sado moja na nusu, ndimu hamsini, kila kitu kwenye ndoo yake yenye mfuniko, na vijana wawili waliokula kiapo kwamba hawatagusa chumvi mpaka MC atangaze chakula. Tufaha ishirini, korosho kilo moja, zabibu kilo tatu na mtindi, ya meza kuu pekee, ndani ya boksi la barafu.

Amenijibu kwamba katibu wa kamati ameipitisha yote, na kwenye orodha ameiandika "saladi ya ukweli, aina tatu".